Kuhesabu Bila Kutazama

Biharamulo Mjini
Jumamosi, 28 Juni 2025

Mama Restituta,

Shikamoo. Ninaitanguliza kwenye karatasi kwa sababu siku tutakayokutana sitaweza kuitamka, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Mimi ni Gozbert wa Bisibo, ambaye barua yangu ya posa mliipokea mwezi wa tatu. Tangu siku hiyo nimefuata alivyonielekeza bibi yangu: nisionane na mama mkwe, nisile mahali alipo, nisimtaje jina, nisimpe mkono. Mwezi uliopita ulipokuja hapa mjini kununua mbegu nilikuona kwa mbali sokoni, nikaingia duka la vitambaa nikakaa humo mpaka muuzaji akaniuliza kama ninajifunza kushona.

Sasa limenifika jambo ambalo siwezi kulikimbilia dukani. Mimi ni karani katika ofisi ya Bwana Makame, ile inayopeleka watu matembezi. Kikundi chenu cha akina mama wa Mbuba kimeandikisha safari ya Jumamosi ijayo, asubuhi kuona wanyama Burigi na alasiri maporomoko ya Kagoma. Mwongozaji wetu, Clever, amelazwa kwa malaria tangu juzi. Bwana Makame ameniambia nitawaongoza mimi. Nilipomweleza kwamba mama mkwe wangu ndiye mwenyekiti wa kikundi, alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Kwetu mkwe na mkwe wanakunywa chai sinia moja. Wewe umesoma mpaka diploma, na wanyama wameandikwa vitabuni. Kawasomee."

Siwezi kukuomba ubaki nyumbani, kikundi ni chako. Kukataa kazi nako siwezi, sijamaliza hata mwaka hapa ofisini. Nilimuuliza bibi kama ninaweza kukupigia simu, akasema sauti ni sawa na uso. Barua hakuizuia. Ninaomba uniambie tufanyeje ili nisikuvunjie heshima mbele ya wenzako, na harusi ikiwa tarehe 30 Agosti.

Nikuambie kweli pia kwamba sijawahi kuongoza watu. Nyati nimemwona kwenye kalenda ya ofisi tu.

Barua hii anakuletea Nshoma, dereva wetu. Atasubiri jibu.

Mwanao,
Gozbert


Mbuba
30 Juni 2025

Mkwe Gozbert,

Marahaba. Nshoma amekaa barazani anakula ndizi zangu, na kwa anavyokula naona niandike upesi.

Nitakuja. Nimefundisha darasa la pili mpaka nikastaafu, na kila mwaka nilichora twiga ubaoni bila kumwona. Watoto walikuwa wanacheka, wanasema ni mbuzi aliyepanda ngazi. Sitaacha kumwona twiga kwa sababu ya mkwe.

Tufanye hivi. Mimi nitakaa kiti cha mwisho kabisa, nitajifunika kitenge cha kijani. Wewe kaa mbele na dereva, zungumza ukiangalia mbele. Ukishuka, mimi nitashuka wa mwisho. Najua mwongozaji ni lazima ahesabu watu wake kila mnaposimama. Basi ukifika kwangu angalia chini, uongeze mmoja. Mimi si mtoto wa kupotea.

Chakula niachie mimi. Nitajua la kufanya.

Acha kuogopa. Akina mama hawa hawana neno, isipokuwa jirani yangu Pili, na yeye hana neno baya, ana maneno mengi tu.

Scolastica


Biharamulo Mjini
Jumatatu, 7 Julai 2025

Mama Restituta,

Shikamoo, na pole sana. Nimesikia kwa Nshoma kwamba mfupa wa kifundo cha mkono wa kushoto umevunjika na kwamba umefungwa plasta. Tangu Jumamosi sijala vizuri. Nimejaribu kuandika barua hii mara kadhaa, na kila nikifika kwenye maporomoko ninasimama.

Niseme kwanza kwamba asubuhi tulikwenda kama tulivyopatana. Nilizungumza nikiangalia kioo cha mbele, na nilisikia akina mama wakicheka. Mama Pili aliuliza, "Jamani, huyu mwongozaji shingo yake ni ya mbao? Twiga yuko huku kulia, yeye anamweleza Nshoma." Nilitamani kugeuka nione kama umemwona twiga. Walikuwa wengi, na mmoja alisimama barabarani akatutazama kama anayetaka kuuliza jambo. Pale ziwani kwenye viboko nilishuka nikahesabu watu, nikafika nyuma, nikaangalia chini, nikaongeza mmoja. Nilifanya hivyo kila tuliposimama.

Kagoma tulifika baada ya saa nane. Tulitandika mikeka juu, chini ya miti, tukagawa pilau aliyopika mke wa Bwana Makame. Nilihesabu, nikaongeza mmoja. Kitenge cha kijani sikukiona, nikadhani umekaa upande wa pili wa gari ili nipate kula. Nilikuwa sijaweka kitu mdomoni tangu alfajiri. Nikaketi nikala.

Kisha nikasikia sauti kutoka chini. Nilikimbia. Ulikuwa kwenye lile jiwe pana, miguu imeingia majini, umeng'ang'ania mzizi. Mama, sikuwa na muda wa kufikiri. Nilikushika mkono. Kisha mkono ukateleza, nawe ukaanguka majini mpaka kiunoni, na Nshoma na wenzako wakafika wakakutoa.

Ninajua nililofanya. Nimemgusa mama mkwe, tena hadharani. Bibi yangu amesema kuna mbuzi wa kutolewa kwa jambo kama hili, na kwamba mshenga anaweza kumleta hata wiki hii. Ninaomba unipangie siku. Ninaomba pia uniambie kama harusi ipo.

Mwanao,
Gozbert


Biharamulo Mjini
7 Julai 2025

Restituta mpenzi,

Ninajua wewe si mtu wa barua, lakini simu yako haipokelewi, na leo haipatikani kabisa. Nimempigia mwalimu mwenzako hapo Rulenge, akasema umeomba ruhusa kazini, uko Mbuba kwa mama.

Niambie neno moja tu. Anasemaje? Amekasirika kwa sababu nilimshika? Nimeshamwandikia kuhusu mbuzi.

Hapa ofisini ninakosea hata tarehe. Bwana Makame anasema, "Karani wangu ameona simba." Hatukuona simba.

Wako,
Gozbert


Mbuba
11 Julai 2025

Gozbert,

Marahaba. Naendelea vizuri. Mkono wa kulia ni mzima, ndiyo maana unanisoma.

Twiga nilimwona. Sasa najua nilikuwa namchora vibaya: shingo nilikuwa naianzishia mahali pasipo pake.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyotaka. Nikueleze kwanza kwa nini nilikuwa chini kwenye maji. Uliposhuka kugawa pilau nilikuona unapakulia wengine tu, sahani yako huigusi. Nikasema moyoni, kijana huyu hatakula mpaka niondoke machoni pake. Ile njia ya kuteremkia ilikuwa karibu, nikaenda niketi pale nioshe miguu mpaka umalize. Sikumwambia Pili kwa sababu angeligeuza kuwa wimbo. Kwa hiyo ulipohesabu ukaongeza mmoja, huyo mmoja hakuwepo. Hilo si kosa lako peke yako, mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu hivyo. Tumeharibu wote wawili, kwa adabu.

Mbuzi mwache. Sijauliza habari ya mbuzi.

Nauliza hili. Umeandika, "mkono ukateleza." Nimesahihisha daftari za watoto muda mrefu, nikisoma sentensi ya namna hiyo huwa namuita aliyeandika. Mkono wa nani uliteleza?

Restituta yuko hapa. Barua yako ameipata. Hajaniambia kama atajibu.

Scolastica


Biharamulo Mjini
13 Julai 2025

Mama Restituta,

Shikamoo.

Umeniuliza na nitajibu. Mkono haukuteleza. Niliachia.

Naomba unielewe. Nilipokushika sikukumbuka kitu. Halafu nikamsikia Mama Pili nyuma yangu akisema, "Jamani, mkwe kamshika mkwe, leteni mbuzi," na watu wakacheka. Hapo nikakumbuka wewe ni nani kwangu. Aibu ikanijia mwili mzima. Tangu barua ya posa ikubaliwe nimekuwa nikijifunza kutokukugusa, nimejifunza mpaka ikawa kama kuvua kofia kanisani. Mkono ulifunguka wenyewe. Ni mwiko ulioachia, Mama, si mimi.

Najua kwamba mwenye akili angeendelea kushika na kutoa mbuzi baadaye. Hilo nimelifikiri kila siku tangu siku ile. Lakini ninaamini wewe, uliyeishika mila hii maisha yako yote, utaona kwamba nilikosea nikitaka kukuheshimu.

Ninasubiri. Nshoma anacheka kwamba sasa ana njia yake ya Mbuba kama basi. Ninamsikia anacheka lakini sielewi.

Mwanao,
Gozbert


Mbuba
16 Julai 2025

Gozbert,

Pili aliyasema maneno hayo, na aliyasema kama ulivyoyaandika. Nilikuwa tayari nimeshatolewa, nimeshawaambia kwamba ulinishika. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, nimefunikwa khanga ya mtu, meno yanagongana, na Pili alikuwa anatafuta namna ya kunichekesha nisizimie. Nilicheka. Wewe ulikuwa umesimama kando umeinamisha kichwa.

Kabla ya hapo hakukuwa na Pili wala Nshoma. Tulikuwa mimi na wewe na yale maji.

Sitakuuliza mara ya tatu. Lakini nikuambie kwa nini nauliza, usije ukadhani ni mkono unaoniuma. Nina binti mmoja. Tarehe 30 Agosti baba yake ataushika mkono wake na kukukabidhi. Nataka kujua ninampa mtu gani.

S.


Biharamulo Mjini
18 Julai 2025

Mama Restituta,

Shikamoo.

Ninaandika asubuhi kabla Bwana Makame hajafungua, kwa sababu nikisubiri mchana nitapata maneno mazuri.

Nilikushika kifundo cha mkono, nikavuta. Ulianza kupanda. Kisha kiatu changu cha kulia kikateleza kwenye ule utelezi wa kijani ulio juu ya jiwe, nikahisi uzito wako unanileta chini. Niliyaona maji yanavyozunguka pale. Siwezi kuogelea. Sikumfikiria Mama Pili, sikufikiri habari ya mwiko, sikumfikiria hata Restituta. Nilifikiri kwamba nitakufa. Nikafungua vidole.

Uliponitazama ukianguka nilijua umeona.

Habari ya mwiko ilinijia baadaye, wakati Nshoma anakutoa. Nilisimama pale kando nikitafuta la kusema, nikalipata. Mama Pili alipotania, nikaona nimepewa. Nyumbani nikamweleza bibi hivyo hivyo, naye akanihurumia, akataja mbuzi. Baada ya kulisema mara kadhaa nikawa karibu kuliamini. Nilipokuandikia tarehe 13 nusu ya moyo wangu ilikuwa inasema, ndivyo ilivyokuwa.

Mimi ni mwoga. Nimekuwa hivyo tangu shule. Wenzangu walikuwa wanasema ninavuka barabara kwa ruhusa ya maandishi. Nimekuwa ninaficha kwa kuwa mwangalifu, na watu wanasifu, wanasema kijana mtulivu, hana makuu. Nadhani hata ninyi mlinikubali kwa hilo.

Sijui kama nitakuwa na ujasiri siku nyingine. Siwezi kuahidi. Ninaogopa hata kuikunja karatasi hii.

Sikuombi kitu katika barua hii.

Gozbert


Mbuba
21 Julai 2025

Mkwe,

Marahaba.

Nilikuwa nalijua hilo tangu Jumamosi ile. Mtu aliyekumbuka mwiko huachia mara moja, kama aliyeshika sufuria ya moto. Vidole vyako vilifunguka kimoja kimoja. Kila kimoja kilikuwa kinashauriana na mwenzake. Mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa vidole hivyo, na nilipata nafasi ya kuelewa kabla sijaanguka.

Uoga haukunikasirisha. Ningekuwa mimi pale juu na wewe chini, na mimi pia siwezi kuogelea, sijui. Kilichonikasirisha ni mbuzi. Mume wangu Bernardo hakuwahi kula mbele ya mama yangu mpaka mama anakufa, na alipokufa yeye ndiye aliyelia kuliko watoto wake. Hayo yalikuwa mapenzi, ndiyo namna yetu ya kuyasema. Wewe ulijificha nyuma ya mila hiyo kama mtoto anayejificha nyuma ya pazia miguu ikionekana, kisha ukataka kunitumia mbuzi nishuhudie kwamba hakuna miguu.

Sasa umetoka. Nimeona.

Fanya hivi. Jumapili njoo hapa nyumbani baada ya misa. Baba Restituta atakuwa sebuleni. Umwambie kwa mdomo wako hayo uliyoniandikia tarehe 18, yote, usipunguze. Yeye hajui. Anadhani niliteleza. Mimi nitakuwa jikoni, maana mkwe anabaki mkwe na sitaki kuonana nawe, lakini ukuta wetu ni wa mabanzi na ninasikia vizuri.

Baada ya hapo yeye ataamua, na mimi sitapinga.

Scolastica


Biharamulo Mjini
22 Julai 2025

Mama Restituta,

Shikamoo.

Nitakuja. Naomba Mzee asiwe ameshika kitu kizito.

Gozbert


Mbuba
Jumatatu, 28 Julai 2025

Gozbert,

Umeniandikia barua moja, na kwa mama nyingi. Silalamiki, nilizisoma zote. Mama alikuwa ananipa kila moja akishamaliza, anarudi kwenye maharage yake.

Jana uliondoka haraka mno, hukuyaona yaliyofuata, basi nikueleze. Ulipotoka mlangoni baba alikaa vile vile alivyokuwa amekaa wakati unazungumza, mikono magotini. Kisha akasema kuelekea jikoni, "Umesikia, Mwalimu?" Mama akajibu, "Nimesikia. Alisahau habari ya kiatu." Baba akasema, "Kiatu kasema. Cha ofisini, soli laini. Mtu anashuka maporomoko na kiatu cha ofisini, huyo ni karani kweli." Halafu akacheka, na mama akacheka huko ndani, mpaka akasema plasta inamuuma.

Baba anasema mtu aliyeweza kukaa kwenye kiti kile na kusema "nilifungua vidole" mbele ya mwenye mke, ameshavuka kitu kikubwa kuliko maji ya Kagoma. Anasema tarehe ibaki. Mama amesema hapingi.

Wamefurahi. Wamekwisha kusameheana nawe wote wawili, na leo asubuhi mama ameanza kuhesabu sufuria za kuazima. Nikakaa nikawatazama, nikagundua kwamba katika jambo hili lote hakuna aliyeniuliza mimi, hata wewe. Barua yako kwangu iliuliza mama anasemaje.

Basi nasema. Mimi sikushtuka kwamba uliachia. Nilimwambia mama siku ile ile hospitalini, kabla hajaeleza kitu, nikamwambia huyo aliachia, namjua. Nilikujua mwoga tangu siku ile mbwa wa parokia alipotubwekea ukanitanguliza mimi. Nilikukubali na hilo. Kilichonifanya nizime simu nisiiwashe tena ni zile siku zote ulizokuwa unajua, na mimi najua, na unaniuliza kama mama amekasirika kwa kushikwa. Nilikuwa nasikiliza simu inaita nasema, akisema sasa hivi nitapokea. Lakini simu haisemi kabla haijapokelewa, na mimi sikuweza kupokea ule uongo.

Mama anataka mtu asiyeachia. Nadhani hakuna mtu wa namna hiyo, hata yeye na baba wameachiana mara kadhaa, nimekulia nyumba hii. Mimi nataka mtu ambaye akiachia, jioni ya siku hiyo hiyo atakaa mbele yangu aseme, Restituta, nimeachia. Bila bibi, bila Mama Pili, na kabla sijamuuliza.

Ukiona unaliweza hilo, tarehe ibaki. Ukiona huliwezi, sema sasa, mimi mwenyewe nitamwambia mama aache kuhesabu sufuria.

Niko Mbuba mpaka Ijumaa. Usijibu kwa barua.

Restituta